Matatu Tupu Kituoni: Kwa Nini Mitandao ya Kijamii Iliyogatuliwa Huonekana Haina Watu

Msafiri anayetafuta matatu ya kwenda Rongai katika kituo cha Railways, katikati ya Nairobi, hujifunza mapema kutoyaamini macho yake. Gari huonekana limebakiza viti viwili tu, kondakta analipiga bodi kwa kiganja na kuapa kwamba linaondoka sasa hivi, kumbe nusu ya walioketi ndani ni vijana waliolipwa kujaza viti, ambao watashuka mmoja mmoja kadiri abiria wa kweli wanavyopanda. Hila hii imedumu kwa sababu inajibu tatizo halisi: hakuna anayependa kuwa wa kwanza kuketi katika gari tupu, kwa kuwa wa kwanza ndiye atakayesubiri kuliko wote. Anayelielewa tatizo la kondakta huyo amekwisha kulielewa nusu tatizo la mitandao ya kijamii iliyogatuliwa, kama vile Mastodon na Bluesky. Nusu ya pili, ambayo huzungumzwa mara chache zaidi, ni swali la abiria gani waliotangulia kuketi, na jinsi walivyowafanya wengine wasitake kupanda.

Neno kugatua halihitaji maelezo marefu kwa Mkenya ambaye ameishi chini ya serikali za kaunti 47 tangu mwaka 2013. Katika mtandao uliogatuliwa, badala ya kampuni moja kumiliki kila kitu, kuna seva nyingi zenye wenyewe mbalimbali, zinazowasiliana kwa kanuni za pamoja ziitwazo itifaki. Mastodon, iliyoanzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko nchini Ujerumani, hutumia itifaki ya ActivityPub, iliyoidhinishwa Januari 2018 na W3C, shirika linalosimamia viwango vya tovuti duniani. Bluesky, ambayo ilianza kama wazo ndani ya Twitter mwaka 2019 na kufunguliwa kwa watu wote Februari 2024, ina itifaki yake yenyewe, AT Protocol. Mtu aliye katika seva moja anaweza kumfuata aliye katika seva nyingine, kama vile mwenye anwani ya Gmail anavyomwandikia mwenye anwani ya Yahoo, au kama vile Wakenya walivyoweza, tangu 2018, kutuma pesa kutoka M-Pesa moja kwa moja hadi Airtel Money. Mwenye seva akibadilisha masharti usiku wa manane, mtumiaji ana haki ya kuhama na wafuasi wake. Hiyo ndiyo ahadi, na kwa upande wa ufundi, kwa sehemu kubwa imetimizwa.

Watu, hata hivyo, huja kwa mawimbi na kurudi kwa mawimbi. Elon Musk alipoinunua Twitter Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, idadi ya waliokuwa wakiingia Mastodon angalau mara moja kwa mwezi ilipanda hadi kukaribia milioni 2.5 kabla ya mwaka kwisha. Miezi miwili hivi baadaye, zaidi ya milioni moja kati yao walikuwa wameacha kuingia. Bluesky ilivuka akaunti milioni 20 Novemba 2024, baada ya uchaguzi wa Marekani, na ingawa akaunti ziliendelea kuongezeka, shughuli za kila siku zilipungua sana mwaka uliofuata. Linganisha na Threads ya kampuni ya Meta, ambayo Julai 2023 ilipata watu milioni 100 kwa siku tano. Meta haikufanya muujiza wowote: ilikuwa na gari jingine lililojaa, Instagram, ikalisimamisha kando ya lile jipya na kuwavusha abiria pamoja na mizigo yao. Reddit nayo, ilipoanza mwaka 2005, ilijazwa na waanzilishi wake wenyewe kwa akaunti za kubuni ili ionekane ina watu, jambo ambalo baadaye walilikiri bila aibu. Hiyo ni hila ya Railways, bila kupunguza wala kuongeza neno. Mtandao uliogatuliwa hauna gari jingine la kuhamisha abiria, na kwa kuwa hauna mwenyewe mmoja, hauna hata wa kuwalipa wajaza viti.

Inafaa kueleza kwa nini idadi ndogo huzaa kimya kikubwa kuliko mtu angetarajia. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, alieleza kanuni ambayo wasimamizi wa majukwaa wameitumia tangu wakati huo: katika jamii nyingi za mtandaoni, takribani asilimia 90 husoma tu, asilimia 9 huchangia mara mojamoja, na asilimia 1 ndio wanaoandika sehemu kubwa ya yanayosomwa. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba Wanairobi 1,000 wamefungua akaunti. Waandishi wa kila siku watakuwa 10. Mmoja anaandika kuhusu programu za kompyuta, mwingine kuhusu baiskeli, wawili kuhusu siasa, mmoja hupiga picha za ndege wa Karura. Mpenzi wa Gor Mahia akifika jioni ya siku ya mechi hakuti mtu wa kufurahi naye, na la kuudhi zaidi, hakuti shabiki hata mmoja wa AFC Leopards wa kumchokoza. Ataandika mara mbili, atajibiwa na kimya, naye atajiunga na wale asilimia 90 wanaosoma tu, kabla ya kuondoka kabisa. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaolichukulia suala la uanuwai wa watumiaji kama pambo la kuongezwa baada ya idadi kukua. Mazungumzo huzaliwa na tofauti: wa timu hii na wa timu ile, mpangaji na mwenye nyumba, anayejua na anayeuliza. Watu 1,000 wanaofanana hutoa mada chache na majibizano machache kuliko watu 300 wasiofanana.

Kuna sababu nyingine ya utupu ambayo haitokani na idadi ya watu hata kidogo, bali na dirisha tunalochungulia. Seva ya Mastodon haijui kila kinachoandikwa katika mtandao mzima. Kwa kawaida huletewa machapisho ya wale tu ambao mtu fulani ndani ya seva hiyo anawafuata. Marafiki kumi wakifungua seva yao Nairobi, mkondo wa machapisho watakaouona ni jumla ya watu wanaofuatwa na hao kumi, basi. Wakitafuta neno ambalo maelfu wanalizungumzia kwingineko, seva yao inaweza kujibu kwamba hakuna kitu, kwa kuwa haijawahi kuletewa kitu. Hadi toleo la Septemba 2023, Mastodon haikuwa na njia ya jumla ya kutafuta maneno ndani ya machapisho, na hata sasa yanayopatikana kwa njia hiyo ni ya wale walioridhia kutafutwa. Majibu nayo yaliathirika kwa muda mrefu: chapisho lenye majibu arobaini katika seva ya mwandishi wake liliweza kuonekana na majibu matano tu katika seva ya msomaji, ambaye alijibu akidhani ni wa sita kumbe hoja yake imekwisha kutolewa mara kumi na mbili. Msomaji wa namna hiyo haambiwi kwamba anaona kipande. Anachokiona ni uwanja mtupu, naye anaamua kwamba uwanja ni mtupu.

Bluesky ililitatua tatizo hili kwa njia tofauti. Ina mitambo inayokusanya machapisho kutoka kila hifadhi, yaani kila seva inayotunza akaunti za watumiaji, na kuyapanga mahali pamoja, hivyo utafutaji hufika kila kona na mgeni huona watu tangu dakika ya kwanza. Gharama yake ni kwamba kuendesha mitambo hiyo mikubwa si kazi ya marafiki kumi, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mtandao huo imeendelea kutegemea kampuni moja. Wakosoaji wake husema huo ni ugatuzi wa jina, kama kaunti iliyopewa gavana na kunyimwa bajeti. Lawama hiyo ina ukweli, lakini inaficha jambo ambalo wapenzi wa Mastodon hawapendi kulisema kwa sauti: kadiri mamlaka yanavyogawanywa zaidi, ndivyo inavyokuwa vigumu kwa mtu aliye sehemu moja kuona kwamba sehemu nyingine zina watu.

Saa nazo zina sehemu yake. Mkondo wa msingi wa Mastodon hupanga machapisho kwa mfuatano wa wakati, bila algoridhimu ya kuyainua yale yaliyopendwa, na wengi wetu tuliochoshwa na algoridhimu tuliishangilia hatua hiyo. Lakini anayeandika Nairobi saa moja asubuhi anaandika wakati San Francisco ni saa mbili au saa tatu usiku wa jana yake, na New York usiku umekwisha kuwa mwingi. Wakiamka, chapisho lake limezikwa chini ya mamia ya mengine. Katika mtandao wenye Wanairobi wengi hilo lisingekuwa tatizo, kwa kuwa angesomwa na majirani zake. Katika mtandao ambao wasomaji wengi wako Ulaya na Amerika ya Kaskazini, saa yenyewe inambagua bila mtu yeyote kukusudia.

Waliotangulia Mastodon walikuwa, kwa sehemu kubwa, waandishi wa programu, watafiti, watetezi wa faragha na wanahabari wa nchi hizo. Hakuna ubaya katika hilo. Kila mtaa una waliofyeka msitu. Ila waliofyeka ndio walioweka mila. Mojawapo ilikuwa kufunika mada nzito kwa onyo la maudhui, ili msomaji achague kufungua au kupita. Mwishoni mwa 2022, Waamerika weusi walipohamia huko kwa wingi kutoka Twitter, kadhaa walisimulia hadharani kwamba walipoandika kuhusu ubaguzi wa rangi uliowapata waliambiwa wafunike maneno yao, kwa kuwa yaliwasumbua wenyeji. Mila iliyokusudiwa kumkinga msomaji ikawa njia ya kumwambia mgeni kwamba maisha yake ni kero. Baadhi waliondoka, na walioondoka waliwaambia wenzao kwa nini.

Uamuzi mwingine wa waliotangulia unatugusa moja kwa moja sisi wa Nairobi. Kwa miaka mingi Mastodon ilikataa kwa makusudi kuweka chapisho la kunukuu, yaani uwezo wa kulichukua chapisho la mtu na kuliwekea maneno yako juu yake, kwa hoja kwamba nyenzo hiyo hutumiwa kuwazomea watu mbele ya hadhira. Iliwekwa hatimaye mwaka 2025, pamoja na vizuizi vinavyomwezesha mwandishi kuamua nani amnukuu. Hoja ile ya awali haikuwa ya kipuuzi. Lakini yeyote aliyewahi kulisoma lile baraza lijulikanalo kama KOT, Wakenya wa Twitter, anajua kwamba utani wetu umejengwa juu ya kunukuu. Mmoja anasema, wa pili ananukuu na kuongeza pilipili, wa tatu anamnukuu wa pili na kumgeuzia kibao. CNN ilipoiita Kenya kitovu cha ugaidi Julai 2015, kabla ya ziara ya Rais Obama, jibu la Wakenya chini ya alama ya #SomeoneTellCNN lilichochewa kwa mtindo huo huo wa kupokezana na kuongezana. Kuliondoa chapisho la kunukuu kwa ajili ya adabu ni kama kumwalika mtu kwenye taarab na kumkataza kutunza. Atakuja, atakaa kimya, na mwenye shughuli atashangaa kwa nini ukumbi umepoa.

Si kweli pia kwamba mitandao hii imekuwa ya watu wa Magharibi pekee tangu mwanzo. Mwaka 2017 kampuni ya pixiv ya Japani ilianzisha seva ya Mastodon iitwayo Pawoo, na kwa muda seva za Japani zilikuwa miongoni mwa kubwa kuliko zote duniani. Tatizo lilikuwa kwamba baadhi ya michoro iliyowekwa huko ilikubalika kwa sheria za Japani na kukatazwa katika nchi nyingine kadhaa, hivyo seva nyingi za Ulaya zikaizuia Pawoo nzima, pamoja na watumiaji wake ambao hawakuwahi kuchora chochote. Wenye seva hizo walikuwa na sababu ya kisheria, nami nisingeomba wajiweke hatarini. Matokeo, hata hivyo, yalikuwa pande mbili kubwa zisizoonana. Mnamo Novemba 2019 ilikuwa zamu ya Wahindi, ambao walihamia Mastodon baada ya Twitter kuifunga akaunti ya wakili mashuhuri wa nchi hiyo, Sanjay Hegde. Wengi wao walirudi Twitter, kwa kuwa mjadala wenyewe ulikuwa umebaki huko.

Wahindi walihama kwa hiari, kila mtu na hasira yake. Wabrazili hawakuwa na hiari: Mahakama ya Juu ya nchi yao ilipoizima X, jina jipya la Twitter, mwishoni mwa Agosti 2024, Bluesky ilipokea zaidi ya watu wapya milioni mbili kwa siku chache, wengi wao kutoka Brazili, na kwa wiki kadhaa Kireno kilitawala. Mlango ulikuwa umefungwa kwa wote siku moja, hivyo kila mmoja alijua wenzake wamekwenda wapi. Watu hawahami mtandao kama mtu mmoja mmoja. Huhama kama ukoo.

Kenya ilijifunza somo hilo mapema, tena kwa simu. Mnamo Aprili 2011 mdhibiti wa mawasiliano aliruhusu mteja kuhama kampuni ya simu na kubaki na nambari yake ile ile, na wengi walitabiri kwamba soko lingepinduka. Halikupinduka. Nambari ilikuwa inahamishika, lakini M-Pesa ya wakati huo ilibaki ilikokuwa, pamoja na mama anayetuma pesa, chama kinachokusanya michango, na bei nafuu ya kupigiana ndani ya kampuni moja. Watu walinunua laini ya pili na kubaki na ya kwanza. Kwa sababu hiyo, ninapomsikia mtetezi wa mitandao iliyogatuliwa akisema kwamba uhuru wa kuhama na wafuasi wako utamaliza ukiritimba wa majukwaa makubwa, hukumbuka laini yangu ya pili, ambayo ilizimwa na kampuni kwa kukaa muda mrefu bila kutumika.

Tena, anayehama hahitaji wenzake tu. Anamhitaji pia anayemlenga. Juni 2024, vijana walipoupinga Mswada wa Fedha chini ya alama ya #RejectFinanceBill2024, X haikuwa mahali pa kukusanyika pekee. Ndipo walipokuwa wabunge walioandikiwa, wanahabari waliokuwa wakifuatilia, na mawakili waliokuwa wakitafuta waliokamatwa. Bunge lilivamiwa Juni 25, Rais William Ruto akakataa kuutia sahihi mswada kesho yake, na Julai 5 yeye mwenyewe alijitokeza kuzungumza na vijana katika kikao cha sauti cha X. Hakuna seva ya kujitegemea, hata ikiwa na uadilifu wa namna gani, iliyoweza kumwahidi mwandamanaji kwamba mbunge wake angemsikia.

Kwa mwenye simu ya bei nafuu kuna jambo la bando pia. Tangu 2014 Airtel ilipoungana na Facebook kutoa huduma chache za intaneti bila malipo nchini, na baadaye kampuni za simu zilipouza bando za bei ya chini za WhatsApp na mitandao mingine mikubwa, mkondo wa gharama umeelekea kwa walio wakubwa tayari. Mtandao mpya hula bando la kawaida, la bei kamili.

Kwa upande wa mwenye seva, hesabu ni ngumu zaidi. Kodi ya mitambo kwa kawaida hulipwa kwa dola au yuro, kila mwezi, kwa michango ya hiari. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hazikuandikwa zikimwazia kijana wa South B anayeendesha seva ya watu 80 akiwa chumbani kwake, lakini zinamhusu. Na kazi ya usimamizi wa maudhui, ambayo majukwaa makubwa huikabidhi kwa watu wanaolipwa, kwake ni ya usiku, baada ya kazi inayomlisha. Anatakiwa kutofautisha, katika mchanganyiko wa Kiswahili na Sheng, utani wa kabila ambao pande zote mbili zinaufurahia na ule unaotangulia panga. Uchaguzi mmoja mkuu ungetosha kumchosha.

Yapo majaribio yaliyokwenda mbali zaidi ya malalamiko. Mwaka 2023 Rudy Fraser, Mmarekani mweusi, alianzisha Blacksky ndani ya Bluesky. Ilianza kama mkondo maalumu unaokusanya machapisho ya watu weusi mahali pamoja, kisha ikaongeza timu yake ya usimamizi inayofahamu matusi ya watu wake yanavyojificha, na baadaye mitambo yake yenyewe. Mpangilio huo unapaswa kuzingatiwa. Alianza kwa kuwafanya watu wachache waliokuwapo waonane, ili mgeni afikapo asikute gari tupu. Mitambo ya kujitegemea ilifuata palipokuwa na watu wa kuitumia. Wajenzi wengi wa seva huanza na mitambo.

Mkondo wa namna hiyo kwa Kiswahili ni rahisi kuufikiria, kwa kuwa kila chapisho la Bluesky hubeba alama ya lugha ambayo programu inaweza kuichuja. Ugumu ni kwamba alama hiyo huwekwa na mwandishi au programu yake, na Mnairobi huanza sentensi kwa Kiswahili, akaipitisha kwenye Sheng na kuimalizia kwa Kiingereza, huku simu yake ikiwa imepangwa kwa Kiingereza tangu ilipotoka dukani. Chapisho lake linapewa alama ya Kiingereza na kupotea kati ya mamilioni ya mengine. Kumpata kunahitaji orodha ya maneno inayohaririwa kila wiki, kwa kuwa Sheng ya mtaa wa Umoja ya mwaka jana si ya mwaka huu, na kunahitaji mtu anayekaa macho jioni, saa mbili hadi saa tano, wakati jiji linapoandika. Kazi hiyo mpaka sasa hufanywa na anayejitolea, na anapopata ajira mpya au mtoto mchanga, mkondo unakauka bila mtu kuelewa umekauka kwa nini.